Tumetoka Kundini, Sasa Tuwabane Vipi?

Maswali ya wasomaji

Barua tulizopokea kutoka Kigoma na Tabora zina kiini kimoja. Watu waliojitoa katika vikundi vya dini vinavyowapangia waumini waoe nani, wasalimiane na nani, watibiwe wapi na fedha zao ziende wapi, sasa wanataka kuvibana vikundi hivyo. Hatutaji kundi lolote hapa. Kila mbinu mliyotuuliza tumeipima kwa swali moja: ikiharibika, atakayelipa ni nani? Kama ni kiongozi, au ni wewe mwenyewe uliyeamua, ifikirie. Kama ni mama ambaye bado anakaa mstari wa tatu ibadani na watoto wake, iache.

SWALI: Poleni na kazi. Tuko saba tuliojitoa. Mmoja wetu alikuwa katibu, na alipoondoka aliondoka na daftari la maungamo. Humo mna majina, zinaa, mimba zilizotolewa, nani anatumia dawa za VVU. Viongozi wamekuwa wakilitumia kuwatisha watu wasitoke. Wenzangu wanataka tulipige picha tulisambaze, watu waone unyama wenyewe. Mnasemaje? (Msomaji, Urambo)

JIBU: Msilisambaze. Wala msirushe ukurasa mmoja mkidhani mmeficha majina. Kijijini jina ni kitu kidogo. Andika "mke wa fundi baiskeli, mimba ya pili", na kabla ya magharibi kata nzima imeshamjua. Afya, mapenzi na imani ya mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mwenye ukurasa anaweza kuwalalamikia ninyi kabla hajamlalamikia mchungaji. Kibaya zaidi, mtakuwa mmemfanyia kiongozi kazi yake. Kwa miaka amewaambia waumini kwamba wanaotoka ni wasaliti watakaouza siri zao. Picha moja tu, naye Jumapili ataishika simu juu: "Mnaona?"

Kuna kosa mnalipita bila kuliona. Mtu kuungama kuwa alizini hakuwezi kumtia kiongozi hatiani. Kinachoweza kumtia hatiani ni kulitumia ungamo hilo kumtisha mtu. Kwa hiyo ushahidi mnaoutafuta haumo daftarini, anao mtu aliyeambiwa, "Ukitoka, tutausoma ukurasa wako." Mtafuteni huyo. Akumbuke siku, mahali, aliyesema, na nani mwingine alikuwepo.

Daftari lenyewe litieni kwenye bahasha, mlifunge, wawili wasaini juu ya gundi na kuandika tarehe, kisha likae kwa mtu mmoja. Msilipige picha hata kwa ajili ya kumbukumbu, maana picha za simu hupanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na simu ya kijijini hushikwa na watu wengi. Andikeni karatasi moja inayoeleza lilivyotoka: nani alilibeba, lini, kutoka wapi. Mpelekeeni karatasi hiyo wakili au msaidizi wa kisheria mapema. Katibu alikuwa na haki ya kulishika daftari akiwa kazini; kuondoka nalo ni jambo jingine, na bora mlijue hilo kabla hamjaitwa kituoni.

Wenye majina wafuateni ana kwa ana, mara moja tu, mwanamke na mwanamke, mwanamume na mwanamume, na kamwe si mbele ya mwenzi wake. Muulizeni kama anataka ukurasa wake uharibiwe, utunzwe, au yuko tayari kutoa maelezo. Akisema "ngoja nifikirie", hesabuni amekataa. Msirudi.

SWALI: Dada yetu ana miaka 23, yuko kundini mwaka wa pili, ameacha chuo. Mjomba amekodi Noah, anataka tukamchukue usiku tumfungie nyumbani wiki mbili mpaka akili imrudie. Mama analia, anakubali. Mimi nina wasiwasi. (Msomaji, Kasulu)

JIBU: Wasiwasi wako una msingi. Dada ni mtu mzima. Kumbeba kwa nguvu ni kumteka, na kumfungia ni kosa la jinai hata kama aliyefunga mlango ni mama mzazi. Sheria tuiweke kando kidogo, tuangalie kama mbinu yenyewe inafanya kazi.

Marekani waliijaribu kwa miaka mingi tangu miaka ya 1970, kukawa na watu wanaolipwa kuteka waumini na "kuwasafisha". Mwaka 1991, katika jimbo la Washington, walimchukua kijana wa miaka 18 wakamfungia siku tano. Akajifanya ameelewa. Walipomtoa kwenda kula mgahawani akatoroka, akaenda polisi. Mwaka 1995 baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya karibu dola milioni 5, na sehemu yake ilitakiwa kulipwa na Cult Awareness Network, shirika lililokuwa likizisaidia familia kama yenu. Mwaka 1996 shirika likafilisika, na jina lake likanunuliwa na watu wenye uhusiano na Scientology, kundi ambalo shirika hilo lilikuwa likiwaonya watu dhidi yake. Familia zilizopiga simu baada ya hapo zilipokelewa na upande ule ule waliokuwa wakiukimbia.

Mjomba arudishe Noah. Badala yake, mtu mmoja katika familia, yule ambaye dada hakuwahi kugombana naye, amwandikie mara moja kwa wiki. Ujumbe mfupi wa kawaida, uliotungwa kama vile kiongozi atausoma, kwa sababu huenda atausoma. "Bibi anakusalimia. Mgonjwa wa jirani ametoka hospitali ya Maweni. Dagaa wamepanda bei." Usimwambie amepotea, usimtumie habari mbaya za kundi, usishindane naye aya kwa aya. Asipojibu, wiki ijayo andika tena bila kulalamika. Msiba ukitokea na akaruhusiwa kuja, msiugeuze kikao cha ukoo cha kumhukumu. Msiba mara nyingi ndiyo ruhusa ya mwisho inayobaki, na mkiuharibu hatapewa nyingine.

Wakati huo huo andaeni njia: kitanda, nauli iliyotengwa ambayo hakuna atakayeikopa, namba yake ya NIDA na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na namba ya simu ya mtu asiye ndugu anayeweza kumpigia saa nane usiku. Watu wengi hawakwami kwa imani tu, wanakwama kwa sababu hawajui watalala wapi. Na siku akirudi, msimsimamishe kutoa ushuhuda wiki hiyo hiyo. Apumzike kwanza.

Mtoto ni habari tofauti kabisa. Kama ndani kuna watoto waliotolewa shule, wanaopigwa, au wanaonyimwa hospitali, hakuna kusubiri wala kubembeleza. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka mwanajamii mwenye ushahidi atoe taarifa serikali za mitaa. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116 bila malipo. Taja jina la mtoto, umri, anapolala, na siku ya mwisho aliyoonwa na hali aliyokuwa nayo.

SWALI: Tumeandika malalamiko mara mbili, tunaambiwa kuna uhuru wa kuabudu. Tunakosea wapi? (Msomaji, Nzega)

JIBU: Nakala mliyotutumia ina kurasa nne, na tatu kati yake zinabishana na mafundisho: kiongozi anajiita nani, anatafsiri vipi Ufunuo, anabatiza kwa jina gani. Ofisa hawezi kufanya lolote na kurasa hizo. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda imani, na inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ukurasa wa nne, wenye mgonjwa aliyekatazwa dawa na mtu aliyepigwa fimbo, ndio ulitakiwa kuwa wa kwanza, na peke yake.

Andikeni upya. Kila shahidi achukue daftari achore safu tatu: niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe; niliyoambiwa na fulani; ninayodhani. Kwenye malalamiko ingieni na safu ya kwanza tu. Safu ya pili inawaonyesha shahidi mwingine wa kumfuata. Safu ya tatu ibaki nyumbani.

"Wanawanyima watu dawa" ni maneno ya safu ya tatu. Ya safu ya kwanza husomeka hivi: "Jumapili ya pili ya Agosti, baada ya ibada, nikiwa nimesimama mlangoni, nilimwona mzee wa kanisa akichukua mfuko wa dawa mkononi mwa mgonjwa akautupa shimoni. Walikuwepo pia watu wawili ambao niko tayari kuwataja kwa polisi." Hapo ofisa ana siku, mahali, tendo na mashahidi.

Kila mmoja aandike kwake. Mkikaa pamoja mkatunga, maelezo yatafanana hadi mikato, na wakili wa upande wa pili ataanzia hapo. Kutofautiana kidogo ni kawaida, msikurekebishe.

Sauti na video: ya asili ibaki kwenye simu iliyorekodi, bila kukatwa, bila kuwekewa maneno wala muziki. Nakala iende kwenye memori kadi, mkiandika simu ni ya nani na ilirekodiwa lini. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama iangalie jinsi ushahidi ulivyotengenezwa na kutunzwa, na sauti iliyopitia grupu tano za WhatsApp imeshapoteza asili yake. Picha ya skrini iliyokatwa juu, palipo na namba na tarehe, ndiyo hasara tunayoiona mara nyingi kuliko zote.

Halafu angalieni mnapopeleka. Jumuiya iliyoandikishwa iko chini ya Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Yenye bodi ya wadhamini inahusika pia na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Someni cheti kilichotundikwa ofisini kwao mjue namba na jina kamili, maana jina la kwenye kibao cha barabarani mara nyingi silo. Kipigo, wizi na kifungo haviendi kwa Msajili kwanza, vinakwenda polisi. Popote mnapopeleka, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hamjapeleka kitu.

Na msikate tamaa mapema. Kule Shakahola, Kenya, kiongozi wa kundi alikamatwa Machi 2023 kuhusu vifo vya watoto akaachiwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata, taarifa za watu wanaokufa njaa msituni ziliwafikisha polisi kwenye makaburi, na miili iliyofukuliwa ilipita 400. Taarifa hizo zilikuwa na mahali pa kwenda kuangalia.

SWALI: Naweza kufungua akaunti yenye jina la bandia, nikajifanya muumini mpya, niingie kwenye grupu lao nipate ushahidi? (Msomaji, Kigoma Ujiji)

JIBU: Usifanye. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni kunaweza kukuingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ushahidi uliopatikana kwa uongo unaanza kesi ukiwa na doa. Lakini rudi kwenye kipimo chetu. Siku siri ikivuja, hawatakutafuta wewe, watamtafuta "Yuda" miongoni mwao, na atakayehojiwa usiku kucha ni muumini asiyejua lolote. Kama aliye ndani amejitolea mwenyewe kukueleza, msikilize, ila usimtume kuchukua kitu.

SWALI: Tumtaje kiongozi hadharani kwa jina au tusimtaje? Na kuna wanaosema ni Freemason na anatumia uchawi. Tukisema hivyo watu watamkimbia haraka. (Msomaji, Kaliua)

JIBU: Tuanze na uchawi, maana hapo hatuna mjadala. Hapana. Ukanda huu umezika vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na Kigoma wanajua kamchape, mganga anayedai kuwafichua wachawi, akiingia kijijini anaacha nini. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamfanya anayemtuhumu mtu uchawi kuwa mkosaji. Moto wa aina hiyo hauchagui: unaweza kuanza kwa kiongozi ukaishia kwa mama yake mzee. Umasoni nao hamwezi kuuthibitisha, na neno moja la uzushi linalifuta la kweli lililo pembeni yake. Ukisema wamekufa kumi na wewe unawajua wawili, umewazika wawili mara ya pili.

Kuhusu kumtaja jina, sisi wenyewe mezani hatukubaliani. Upande mmoja unasema mtajeni: anayehama kutoka Kaliua kwenda Mpanda na kufungua tawi jipya anategemea ukimya wenu, na familia za huko zina haki ya kuonywa. Upande wa pili unasema jina litangulie kwa mamlaka. Ukimtaja hadharani kwanza, anapata muda wa kuficha vitabu vya hesabu na kuwafundisha mashahidi, na mahubiri yake ya "tunateswa kwa ajili ya Bwana" yanapata nyama.

Tunapokubaliana ni hapa. Mkitaja, tajeni tendo mnaloweza kulithibitisha mahakamani, msitaje tabia: "alipokea shilingi laki nane kwa ajili ya bati, bati hazikununuliwa", wala si "mwizi huyu". Kabla ya hapo mwandikieni barua yenye madai yote, mkimpa siku 14 ajibu, na jibu lake mlichapishe lote hata likiwakera. Wasitajwe watoto wake wala mkewe. Waumini wa kawaida msiwaite wajinga, maana ninyi mlikuwa wao juzi. Na atakayesema hadharani awe tayari kusema kwa jina lake. Tuhuma isiyo na mwenyewe ni uzushi hata ikiwa kweli. Asiyeweza kwa usalama wake atoe maelezo kwa polisi au kwa wakili, hiyo nayo ni kazi.

SWALI: Nilitoa shamba ekari tatu na fedha za mavuno. Nimwambie kiongozi arudishe, la sivyo namwanika? (Msomaji, Uvinza)

JIBU: Sentensi yako ina madai halali na kosa la jinai ndani ya pumzi moja. Kudai mali yako ni haki. Kudai mali kwa tishio la kumfichua mtu kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshitakiwa. Vitenganishe. Barua ya madai izungumzie shamba na fedha tu. Malalamiko ya mengine yaende kwa mamlaka, alipe asilipe.

Fedha za sadaka ulizotoa kwa hiari ni ngumu kurudi. Uliyokopesha, au uliyotoa kwa kazi maalumu ambayo haikufanyika, yanadaika, na madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Shamba ndilo lenye nafasi. Ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haihamishwi kwa maombi na kuwekewa mikono. Uhamisho unapitia halmashauri ya kijiji. Nenda kwa mtendaji wa kijiji uombe kuona muhtasari wa kikao kilichoidhinisha. Kama haupo, umepata pa kuanzia. Angalia pia kama mwenzi wako aliridhia. Shauri la ardhi linapitia baraza la kata kwa usuluhishi, na likishindikana ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12, kwa hiyo hesabu tangu siku uliyotoka shambani.

SWALI: Tukasimame ndani ya ibada tuwaambie ukweli? (Msomaji, Tabora Mjini)

JIBU: Kuvuruga ibada ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 126, hata kama mnachosema ni kweli tupu. Maandamano barabarani yanahitaji taarifa kwa mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla. Nje ya hayo, waumini huambiwa wawaombee ninyi kwa sauti, watoto wao wakiwatazama, na aliyekuwa anafikiria kutoka anaona aibu kuonekana upande wenu.

SWALI: Wametuita kikao cha maridhiano, watatulipa kidogo. Twende? (Msomaji, Kibondo)

JIBU: Nendeni, lakini si kwenye jengo lao. Ombeni ofisi ya mtendaji wa kata, mchana, kila upande na mashahidi wawili, na mwandishi wa muhtasari asiye wa upande wowote. Msifungue wala kufunga kwa maombi ya kiongozi wao, kwani aliyeomba mwisho huondoka akiwa mwenyekiti. Ajenda iandikwe kabla: kuondolewa marufuku ya kusalimiana na ndugu waliotoka, kurejeshwa kwa vyeti na vitambulisho walivyoshikilia, hesabu ya fedha za mradi. Vyeti vidaini siku hiyo hiyo, hivyo havihitaji kamati.

Wakileta karatasi ya kusaini, msisaini mezani hapo. Chukueni nakala, mpeni msaidizi wa kisheria aisome. Huduma yao ni bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Tafuteni hasa sentensi inayowataka mnyamaze. Kunyamaza kuhusu deni lenu wenyewe mnaweza kukubali mkiona linafaa. Yaliyompata mtoto hayauziki, na fedha iliyopokelewa kwa ajili hiyo itasomwa siku moja mahakamani kama hongo. Malipo yapite benki au kwa simu, yenye jina na sababu, yasipite kwenye bahasha.

Na mmoja wenu asipotaka kwenda, asilazimishwe. Alilazimishwa vya kutosha kule.